Kujikamata: namna ya kupunguza mazoea ya mikono, uso na sauti ambayo mwenyewe huyajui

Mwisho wa muhula wanafunzi hucheza igizo. Mmoja anashika chaki, anavuta ncha ya sikio mara mbili, anasema "sasaaa, tuko pamoja?" na darasa zima linaangua kicheko. Wote wameshamjua anayeigizwa isipokuwa mwenyewe, ambaye anacheka pamoja nao huku akivuta sikio.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye riziki yake inapitia kwenye kuongea na watu: mwalimu, mhubiri, MC, mtangazaji, muuguzi wa mapokezi, karani wa dirishani, au anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Hautakufundisha kusimama kama sanamu. Unashughulikia zoea moja kwa wakati, lile ambalo limefika mahali watu wanalihesabu badala ya kukusikiliza.

Njia yenyewe si ngeni. Wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn waliichapisha Marekani mwaka 1973, wakishughulika na watu wenye kung'ata kucha, kunyonya kidole na kurusha bega. Kiini chake ni hiki: zoea haliondoki kwa kujikataza. Unajifunza kuliona pale linapoanza, kisha unaupa mwili kazi nyingine ambayo haiwezi kufanyika pamoja nalo. Kuona ndiyo sehemu ngumu, kwa hiyo usishangae karibu nusu ya hatua hizi zikiwa za kutazama tu.

1. Jirekodi mara tatu, siku tatu tofauti

Weka simu kama mita 2 mbele yako, usawa wa kifua, ionyeshe kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa. Ukikata picha shingoni umepoteza mikono, na mikono ndiyo yenye habari nyingi. Kama huna kishikilio, egemeza simu kwenye chupa ya maji iliyojaa. Chupa tupu itaanguka katikati ya somo. Dirisha liwe nyuma ya simu, si nyuma yako, la sivyo utabaki kivuli kitupu. Iwekee simu hali ya ndege, maana mtu akipiga, kurekodi kunaweza kukatika.

Rekodi angalau dakika 15. Dakika 5 za mwanzo zitupe. Humo unajua kuwa unarekodiwa, kwa hiyo umejikaza kama mtu wa picha ya kitambulisho. Mazoea hurudi ukishasahau simu, hasa ukiulizwa swali ambalo hukulitarajia. Ndiyo maana kujirekodi peke yako chumbani hakusaidii sana: hakuna anayekuuliza. Waliomo chumbani waambie kwamba unajirekodi mwenyewe kwa mazoezi. Mgonjwa au mteja mwenye shida yake usimrekodi kabisa. Fanya zoezi hilo na mwenzako wa kazini akijifanya mteja.

2. Tazama kila video mara tatu

Mara ya kwanza zima sauti. Maneno yakiwapo utayafuata maneno, nawe unataka kuuona mwili. Mara ya pili iendeshe kwa kasi mara mbili. Ishara inayojirudia, ambayo kwa kasi ya kawaida inaonekana kama ajali ndogo, hapo inageuka kuwa ngoma: mkono puani, mezani, puani, mezani. Mara ya tatu geuza simu kifudifudi usikilize sauti peke yake.

Mara hii ya tatu ndiyo inayowafukuza wengi. Jiandae kuichukia sauti yako, na usihesabu chuki hiyo kama kasoro. Unapoongea, sauti hukufikia kwa njia mbili, hewani na kwenye mifupa ya fuvu, na mifupa huinenepesha. Kinasa sauti hakina mifupa yako, kwa hiyo unasikia ile nyembamba ambayo wenzako wameizoea miaka yote. Watafiti Philip Holzman na Clyde Rousey, walioliandikia jambo hili mwaka 1966, waliongeza kwamba kinachomshtua mtu si wembamba tu, ni pia kusikia hisia ambazo hakujua kuwa anazitoa. Acha ipite siku moja, usikilize tena.

Andika kila unachokiona kwa maneno ya kitendo, bila hukumu. Usiandike "naonekana muoga". Andika "nalamba mdomo wa chini kabla ya kujibu".

3. Uliza mtu, lakini uliza vizuri

Ukiuliza "Je, nina tabia yoyote mbaya nikiongea?" utajibiwa "Hapana, uko vizuri tu." Kwetu heshima haimruhusu mtu kukutajia kasoro usoni, na mdogo wako kazini hathubutu kabisa. Uliza hivi: "Ukitaka kuniigiza mpaka watu wacheke, utaanza na nini?" Hapo atasimama, atafanya, na jibu umelipata. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 ndiye shahidi bora kuliko wote, kwa sababu ameshakuigiza zamani ukiwa hupo.

Waulize na ndugu zako. Mwanasayansi Charles Darwin, mwaka 1872, alisimulia kisa alichopewa na binamu yake Francis Galton cha bwana mmoja ambaye, akilala chali usingizi mzito, aliinua mkono wa kulia polepole hadi kwenye paji la uso kisha akauacha uanguke puani. Mwanawe alikuwa na mtindo uleule, na mjukuu pia. Si kila zoea linatoka kwenye ukoo, lakini mara nyingi shangazi atakwambia, "Hivyo ndivyo alivyokuwa babu yako," akupe jina la kitu ulichokuwa hukioni.

4. Chagua moja

Orodha yako sasa ina mambo sita au kumi. Yagawe kwanza, maana mengine hayapaswi kuguswa.

Wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen, mwaka 1969, walitenganisha aina kadhaa za ishara, na tatu zinatosha hapa. Kuna mikono inayotembea na maneno: unasema "samaki mkubwa" na viganja vinaachana. Hiyo iache. Ni sehemu ya kuongea kwenyewe. Watafiti Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha mwaka 1998 kwamba hata watoto waliozaliwa vipofu hutumia mikono wanapoongea, hata wanapomwambia kipofu mwenzao. Ukiifunga mikono hiyo, maneno nayo yataanza kukwama.

Kuna ishara zenye maana kamili kwa watazamaji, na hapa ndipo palipo hatari kwa mtu anayezifanya bila kujua. Kushika tama ni mfano mkubwa. Wewe umeweka kiganja shavuni kwa sababu unafikiri. Aliyeketi mbele yako anaona msiba, na kama ni mtu mzima atakwambia uutoe mkono, unawaitia mkosi. Mikono miwili kichwani ni vilevile. Kuna pia msonyo wa bahati mbaya: umekula nyama mchana, uzi umebaki kwenye jino, ulimi unaunyonya kwa sauti ya "nts", na mwenzako wa meza ya pili anaamini umemsonya. Hapo huhitaji mafunzo ya tabia, unahitaji kijiti cha meno. Anayetumia kushoto aandike kwa kushoto bila wasiwasi, ila chenji na bahasha aitoe kwa kulia, hasa Pwani.

Aina ya tatu ni mikono inayojigusa au inayochezea vitu: pua, ndevu, kisogo, pete, kofia ya kalamu, ushungi unaorekebishwa kila sekunde kumi. Hii haimaanishi kitu, lakini huvuta macho.

Anza na lenye maana mbaya kwa watazamaji. Kama hakuna, anza na linalotokea mara nyingi zaidi. Moja tu. Anayechukua matatu kwa pamoja huishia kuongea kama mtu aliyefungwa plasta mwili mzima, na kwa kawaida baada ya siku nne ameacha yote.

5. Hesabu kabla ya kurekebisha

Kwa siku 3 usibadilishe chochote, hesabu tu. Weka punje 20 za maharage mfuko wa kulia, na kila ukijikamata hamisha moja kwenda kushoto. Asiye na mfuko apige vijistari pembeni ya daftari. Jioni linganisha na hesabu ya video: kama video inaonyesha 30 na wewe ulihamisha 6, basi unajiona mara moja kati ya tano, na hicho ndicho kipimo cha kazi iliyo mbele yako.

Usitishwe na wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa Sydney kwa wanafunzi 26 wa udaktari, uliona kila mmoja akijigusa uso kwa wastani mara 23 kwa saa, na hao ni watu waliofundishwa habari za vijidudu. Nia si kufika sifuri. Lenga mahali ambapo mtazamaji haoni tena kuwa kuna kitu.

Jambo moja huwavunja moyo watu: ukianza mazoezi, hesabu ya maharage hupanda. Zoea halijaongezeka, macho ndiyo yamefunguka. Iamini video, si mfuko.

6. Tafuta mlango wake

Mlango ni pale zoea linapoanzia. Rudisha video sekunde 3 kabla ya zoea, uitazame taratibu. Chukua mtu anayepangusa pua. Mkono hauruki ghafla puani. Kwanza kidole gumba kinasugua kidole cha shahada. Kisha kiganja kinainuka mezani. Kiwiko kinakunjika, kidevu kinashuka kidogo kuupokea mkono, ndipo pua. Kuna hatua nne kabla ya ile inayoonekana, na wewe unaihitaji ya kwanza au ya pili. Ukingoja mkono ufike puani umechelewa. Ukiushika ukiwa unaondoka mezani, kazi ni nyepesi.

Tazama pia zoea lilitanguliwa na nini. Swali? Jina ulilolisahau? Bosi kuingia? Kimya? Andika. Mara nyingi kichochezi ni kimoja au viwili.

7. Kazi mbadala

Kitendo kinachofaa kina sifa tatu: hakiwezi kufanyika pamoja na zoea, unaweza kukishikilia kama dakika moja, na hakuna anayekiona. Unakifanya mara tu mlango unapofunguka, unakaa nacho dakika nzima hata kama hamu imeisha baada ya sekunde kumi.

Mikono inayopanda usoni: kutanisha ncha za vidole mbele ya kitovu, zisukumane kidogo tu. Ukiwa umeketi, laza viganja juu ya meza. Usichukue kalamu "ili mkono uwe na kazi". Ndani ya wiki utakuwa unaibofya, umebadilisha ugonjwa. MC ashike maikrofoni mkono mmoja na kadi ya ratiba mkono wa pili, kadi ngumu, maana karatasi nyepesi hupepea na kutangaza kila mtetemo. Sarafu na funguo zitoke mfukoni kabla hujasimama. Hapo hakuna cha kujifunza, ondoa tu.

Mguu unaotikisika chini ya meza: visigino vyote viwili sakafuni, vibonyeze chini. Kualisha vidole: viganja vikiwa wazi juu ya mapaja. (Anayeogopa kwamba vidole vitaharibika atulie. Daktari mmoja wa California, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa miongo kadhaa akiulinganisha na wa pili, hakuona tofauti ya baridi yabisi, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel. Kero ni mlio, si viungo.)

Ndita: kabla ya yote kapime macho. Wengi wanaokunja uso mbele ya kompyuta au daftari la mahudhurio hawana hasira, hawaoni. Macho yakiwa salama, achanisha meno ya juu na ya chini bila kufungua midomo, na ulegeze nyusi zipande kidogo sana. Taya likilegea, paji nalo hufuata. Ukizipandisha sana utaonekana umeshangaa siku nzima.

Kicheko cha wasiwasi humponza sana anayetoa habari mbaya. Mapokezi unamwambia mama kwamba jina la mwanawe halimo kwenye orodha, na meno yako yako nje. Hapa toa pumzi yote kabla ya kufungua mdomo, funga midomo, mtazame, kisha sema sentensi ya kwanza uliyoikariri: "Mama, nina habari ambayo si nzuri." Kicheko kinahitaji pumzi ya ghafla, nawe umeshaitoa.

Sasa sauti, ambayo inastahili muda zaidi.

"Eee", "yaani", "kwamba", "nanii", "kimsingi". Karibu maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu huvutika: "naaa", "kwaaa", "kwambaaa". Msemaji anayetafuta wazo hahitaji hata kuongeza neno. Huning'inia kwenye lile alilonalo. Kwa hiyo kazi mbadala ni kukata irabu na kufunga midomo. Midomo ikifungwa, "eee" haitoki. "Mmm" bado inaweza kutoka, kwa hiyo wakati huohuo vuta pumzi kwa pua. Hewa ikiwa inaingia, sauti haitoki kirahisi. Fanya mazoezi hivi: eleza kwa dakika 2 jinsi ya kupika wali wa nazi. Kila "yaani" ikitoka, rudi mwanzo wa sentensi ileile. Siku ya kwanza huenda usivuke kukuna nazi. Kimya chako kitakuchoma kama dakika nzima. Kipime kwenye video, utakuta hakikufika sekunde 2.

Kuna kosa tunaloliona mara nyingi kwenye miongozo mingine: watu huambiwa waondoe kila "enhee", "naam" na "kabisa". Hapana. Hizo ni za msikilizaji. Kwenye simu, asiyesema "enhee" ataulizwa kama bado yupo. Mtangazaji pekee ndiye ana sababu ya kuziacha, kwa kuwa zinaingia juu ya sauti ya mgeni na haziondoki kwenye kuhariri. Yeye aitikie kwa kichwa.

Kumeza miisho ya maneno. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ya mwisho ni dhaifu tayari, na pumzi ikiisha huzama kabisa. Lakini ndiyo iliyobeba maana: "walipa kodi" ni watu, "walipe kodi" ni amri. Weka simu nyuma ya ukumbi, mita 8 au 10, soma sentensi kumi za gazeti ukigonga kidole mezani kwenye silabi ya mwisho ya kila sentensi. Sikiliza kama irabu ya mwisho imefika. Isipofika, tatizo si koo, ni urefu wa sentensi. Ikate mbili, upumue katikati.

Kujikohoza kila baada ya sentensi mbili. Ukijikohoza, nyuzi za sauti hugongana kwa nguvu, huwashwa, koo hutengeneza ute zaidi, nawe unataka kujikohoza tena. Kata mzunguko kwa funda dogo la maji, au meza mate kwa nguvu kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Chupa ya nusu lita iwe karibu, imeshafunguliwa. Kama kuna kiungulia, tibu hicho. Kama kuna kikohozi kikavu na unatumia dawa za presha za jamii ya enalapril au captopril, mwambie daktari, zinajulikana kwa hilo; usiziache mwenyewe. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kapime kifua kikuu. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 inataka daktari wa koo.

8. Zoezi la kila siku

Dakika 5 asubuhi, 5 jioni, wiki 2. Lianzishe zoea kwa makusudi, lisimamishe kwenye mlango wake, ingiza kazi mbadala. Rudia mara 10. Linaonekana jambo la kipuuzi, kujipeleka mkono puani ili uukatize, lakini mwili unajifunza mlango kwa kuupitia. Kisha peleka kazini kwenye kipindi kimoja tu kwa siku, chenye watu wachache.

Awepo mwenzako mmoja wa kukupa ishara. Ashike saa yake ukianza. Asicheke, asikohoe, asikutajie jina. Na akupe taarifa ulipojizuia vizuri, si ulipokosea tu. Mume au mke si chaguo zuri. Ishara ya ukumbini itahamia kwenye ugomvi wa jikoni.

Zoea litarudi ukiwa na njaa, usingizi au hasira. Likirudi, siku hiyo fanya zoezi la jioni tu, usianze upya wiki 2.

Lisipokuwa zoea

Mtoto anayepepesa macho, kurusha shingo au kuguna, leo hiki mwezi ujao kingine, na anasema kuna msukumo unamjia kabla, huenda ana tiki, yaani miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia bila yeye kuzitaka. Georges Gilles de la Tourette alieleza aina yake nzito mwaka 1885. Kumkaripia huongeza wasiwasi, na wasiwasi huzichochea. Mpeleke hospitali, mwarifu na mwalimu wake. Midomo au ulimi unaochezacheza wenyewe baada ya kutumia haloperidol (dawa ya magonjwa ya akili) au metoclopramide (dawa ya kichefuchefu) ni wa daktari, upesi. Uso ulioanguka upande mmoja ghafla, au maneno yaliyoanza kuburuzika, usitafute video. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kama usaili ni kesho

Huna muda wa wiki 2, basi ondoa vichochezi. Kalamu isiyo ya kubofya, au usishike kabisa. Mifuko mitupu. Nywele zimefungwa, ushungi umebanwa pini mbili. Pete inayozunguka iache nyumbani. Ukipewa kiti cha ofisini chenye magurudumu na kuna kingine, chukua hicho kingine. Maji funda moja kabla ya kuingia. Swali likimalizika, funga midomo, vuta pumzi kwa pua, ndipo ujibu, na viganja vibaki juu ya meza mpaka neno la kwanza litoke.